Vitafunwa vya Krismasi Bila Kuwasha Jiko: Mwongozo Kamili kwa Anayepanda Mgombani Desemba

Saa sita na nusu mchana, tarehe 25 Desemba, jikoni kwa mama kule Marangu, mgombani kwenye mteremko wa Kilimanjaro, hakuna jiko lililo wazi. Kwenye kuni kuna sufuria la pilau. Jiko la mkaa limebeba ndizi na nyama. La gesi, lile la plati mbili, upande mmoja lina maharage, upande wa pili lina maji ya chai, na ukithubutu kuondoa birika utaulizwa umetumwa na nani. Huko nje, mashemeji wanazungusha ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, na kila ukiuliza itaiva lini unajibiwa "bado kidogo." Hiyo bado kidogo ni saa kumi jioni.

Na ndio muda wageni wanapoingia. Wametoka ibadani, wengine walikesha barabarani kutoka Dar es Salaam. Watoto wananusa moshi wa nyama na kuanza kulialia. Wazee wameshapokea mbege, ile pombe ya ndizi, na mbege juu ya tumbo tupu huanza kuzungumza mapema kuliko mwenyewe.

Kazi niliyopewa na familia kwa miaka kadhaa sasa ni kuziba hizo saa tatu na nusu. Sharti lilikuwa moja: usiguse moto wa mtu. Kwa hiyo nimejifunza vitafunwa ambavyo havipikwi kabisa, vinashikika kwa mkono mmoja, vinashikiza tumbo bila kuliziba, maana nyama bado inakuja. Ninayoandika hapa ni ya watu 20. Mkiwa 40, na kwetu 40 si ajabu, zidisha mara mbili.

Kwanza mjue adui

Mwaka wa kwanza niliamka alfajiri nikatengeneza sandwichi. Nyanya, tango, majani ya saladi, mayonizi, mkate laini wa slesi. Nikazipanga kwenye beseni, nikafunika, nikaenda kanisani na moyo mweupe. Nilipofunua saa saba, mkate ulikuwa umekunywa nyanya zote. Mama mkubwa akanyanyua kipande kwa vidole viwili, kikakatika katikati, nusu ikaangukia kwenye kitenge chake kipya. Akaniangalia kwa ule upole unaouma kuliko matusi: "Mwanangu, hii tunakula kwa mkono, au nitume mtoto alete kijiko?"

Tangu hapo nimejua kwamba asiyepika hana kazi kubwa kuliko kupambana na maji. Anayepika anasaidiwa na moto: unakausha, unakaza, unafunga. Wewe huna huo msaada. Nyanya ina maji, tango ni maji yenye ganda, na chumvi ukiinyunyiza tu inayavuta yote nje. Ndiyo maana karibu kila hatua hapa chini ni kuchuja, kufuta, kupangusa, au kuacha vitu viwili visikutane mpaka dakika ya mwisho.

Adui wa pili haonekani. Moto huua vijidudu. Ndimu, siki na pilipili haviui kwa kiwango cha kutegemea, hata watu waseme nini. Chakula kisichopikwa kinabaki na usafi ulioanza nao. Nitalirudia hili kwenye suala la kisu, maana hapo ndipo tunapoharibu.

Hesabu, halafu soko

Mgeni anayesubiri nyama hula vipande sita hivi. Watu 20, vipande 120. Usizidi aina tano. Niliwahi kufanya nane, nikaishia kukaa jikoni siku nzima nikipanga rangi za sahani huku wenzangu wanacheka nje.

Aina zangu tano ni hizi: mtindi mzito wa kuchovya pamoja na karoti na tango, tango lenye samaki wa kopo, parachichi juu ya krispi za ndizi, tende zilizojazwa siagi ya karanga, na vijiti vya embe na nanasi vyenye pilipili. Sandwichi nimezirudisha, ila kwa masharti, nitayasema.

Orodha ya kwenda nayo: mtindi lita 2, matango makubwa 6, karoti kilo 1 na nusu, parachichi makubwa 5, embe 6 zilizoiva lakini bado ngumu kidogo, nanasi 2, tende nusu kilo, siagi ya karanga kopo la gramu 250 (itabaki), samaki wa jodari makopo 3, krispi za ndizi pakiti kubwa 2, ndimu 12, giligilani mafungu 3, mnanaa fungu 1, kitunguu saumu, vitunguu maji 3, nyanya ngumu 5, pilipili, chumvi, korosho kiasi mfuko unavyoruhusu. Pia vijiti vya meno pakiti 2 na vijiti vya mishikaki.

Ukiwa Moshi mjini, nenda soko la Mbuyuni. Nenda saa moja asubuhi. Tarehe 23 na 24 mji umejaa watu waliorudi nyumbani, na kufika saa tano ni kuchagua waliyoyaacha wenzako. Ukitokea upande wa Kiborloni, pale pia utapata, na ni njiani ukielekea Himo na Marangu. Mimi parachichi nanunua mjini siku nne kabla, hata kama shambani kwa mama mti upo, kwa sababu parachichi za mtini zina ratiba yake na haziulizi Krismasi ni lini.

Parachichi ngumu si tatizo. Zifunge kwenye gazeti pamoja na ndizi mbivu moja, weka kabatini. Ndizi mbivu inatoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayoharakisha kuiva. Siku mbili mpaka tatu zitakuwa tayari. Kagua kwa kubonyeza taratibu karibu na kikonyo, usibonyeze ubavuni kama wanavyofanya watu sokoni, maana kila kidole kinaacha alama nyeusi ndani na atakayeikuta ni wewe. Zikiiva mapema, hamishia friji.

Nanasi linusie kitakoni. Lisilonukia kitu halitakuwa tamu kesho wala keshokutwa. Nanasi likishakatwa shambani haliongezi sukari. Lenye harufu ya kuchachuka liache.

Karanga na siagi ya karanga zinahitaji jicho. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa zinaweza kuwa na sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2016 sumukuvu ya kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, kwa hiyo hili si jambo la kusimuliana tu. Nunua mahali ambapo bidhaa inatembea haraka, angalia tarehe, na karanga yenye uchungu mdomoni iteme.

Siku mbili kabla: mtindi

Hapa ndipo uchawi ulipo, na nitakaa hapa kidogo.

Mtindi wa kawaida ukichovya karoti unatiririka mpaka kwenye mkono wa shati. Ukiuchuja usiku kucha unakuwa mzito kama jibini laini, unashika karoti, unakaa juu ya tango bila kumwagika, na unachukua nafasi ya mayonizi kila mahali. Wenzetu wa Lebanoni na Syria wanafanya hivyo siku zote na kuita labneh. Mimi naita mtindi mzito na hakuna aliyelalamika.

Nunua mtindi usio na sukari wala ladha ya vanila. Kama unachukua wa nyumbani, hakikisha maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Najua wapo wazee wanaosema mgando wa maziwa mabichi ndio mtindi wa kweli. Sibishani nao kuhusu ladha, lakini maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela, ile homa ya vipindi inayokaa mwilini miezi, na siku hiyo utakuwa unalisha wajawazito na watoto wa watu.

Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kilichofuliwa na kuchemshwa, kisichonukia sabuni. Kitandaze ndani ya chujio kubwa, chujio likae juu ya sufuria lenye kina. Changanya mtindi lita 2 na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, mimina. Kunja pembe za kitambaa juu, weka sahani, juu ya sahani weka kopo la nyanya au kitu chenye uzito kama huo. Ingiza vyote kwenye friji. Saa mbili za mwanzo maji hushuka kwa kasi, halafu yanapungua na kuwa tone moja moja.

Baada ya saa 12 fungua. Kama bado ni kama uji, funga tena uache mpaka saa 24. Utaujua umefika ukikwangua kwa kijiko na alama ya kijiko ikabaki imesimama. Mtindi mwembamba wa dukani unachelewa, wa nyumbani wenye mafuta unawahi. Kutoka lita 2 napata kama gramu 700 hadi 800, wakati mwingine pungufu. Yale maji ya kijani-njano yaliyobaki chini usimwage. Kandia maandazi au unga wa chapati wa tarehe 26.

Gawa mara mbili. Nusu iache ilivyo, ni ya samaki na sandwichi. Nusu ya pili ndiyo ya kuchovya: ponda punje 3 za kitunguu saumu na chumvi kidogo mpaka ziwe laini kabisa (kipande kizima cha kitunguu saumu kibichi mdomoni mwa mgeni ni uadui), ongeza giligilani iliyokatwa ndogo na kukaushwa vizuri, ganda la ndimu moja lililokunwa, pilipili manga. Juisi ya ndimu weka kijiko kimoja tu, maana ni maji tena. Onja kesho yake, si sasa. Kitunguu saumu kinakuwa kikali zaidi kikilala.

Siku hiyohiyo jaza maji chupa tano za soda za plastiki, acha nafasi juu, gandisha. Hizo ndizo barafu zako. Barafu ya vipande ikiyeyuka inalowesha chakula. Ya kwenye chupa inayeyuka ndani kwa ndani na umeme ukikatika mkesha wa Krismasi, jambo ambalo sitalijadili, hutababaika.

Mkesha: vinavyokubali kulala

Tende ndizo rafiki wa mwandaaji. Zina sukari nyingi, unyevu kidogo, hazina haraka. Nusu kilo inatoa tende kama 50, kutegemea ukubwa. Pasua upande mmoja kwa kisu kidogo, toa kokwa, na uhesabu kokwa: ukipasua 50 zihesabiwe 50, kabla jino la mzee halijahesabu moja iliyosahaulika. Jaza nusu kijiko cha chai cha siagi ya karanga, sukumiza nusu korosho juu, nyunyiza chumvi punje mbili tatu. Hiyo chumvi ndiyo inayofanya watu warudi. Panga kwenye kopo lenye mfuniko, weka mahali pa baridi, zitakaa siku tatu bila wasiwasi. Kwetu tuna majirani na wakwe Waislamu wanaokuja kutusalimia siku hiyo, na hii sahani huwa ya kwanza kuisha mikononi mwao, kisha wananifundisha tende zipi ni bora.

Karoti menya, kata vijiti vya urefu wa kidole, tia kwenye kopo lenye maji baridi yaliyochemshwa, ingiza friji. Hapa tu ndipo maji yanaruhusiwa: yanafanya karoti ibaki ngumu mdomoni, ikilia "ka" ukiing'ata. Asubuhi utazipangusa.

Vitunguu vya kachumbari kavu kata vyembamba, vifikiche kwa kijiko cha chumvi mpaka vilegee, suuza mara mbili, kamua kwa mkono kama unakamua nguo. Ule ukali unaotoa machozi unaondoka na maji. Kamulia ndimu, funika, weka friji. Nyanya usiziguse leo.

Kisu cha mbuzi

Asubuhi ya Krismasi, mbuzi anachinjwa palepale uani. Damu, ngozi, utumbo wa kusafishwa, na visu vinazunguka kutoka mkono hadi mkono. Mwaka juzi nilikuwa nakata nanasi, shemeji akaingia mbio: "Shemeji, nikopeshe hicho kisu dakika mbili, chetu kimekuwa butu." Nikampa. Akakirudisha kimefutwa kwenye majani ya mgomba, kinang'aa, akasema kisafi hicho. Bahati nilimwona akikifuta.

Mbuzi ataingia motoni na kila kilichokuwa juu yake kitakufa. Nanasi langu haliingii motoni. Kisu kile kingepeleka uchafu wa utumbo moja kwa moja midomoni mwa watoto. Kwa hiyo nina visu viwili vilivyofungwa kamba nyekundu mpinini, na kibao changu cha kukatia, na vinalala kwenye mkoba wangu. Akija mtu kukopa, shemeji au baba mdogo, jibu ni hapana kwa tabasamu.

Nyingine ni maji. Maji ya mfongo, yale ya mfereji wa kumwagilia mashamba, ni baraka kwa migomba na kahawa, lakini usioshee matunda yanayoliwa mabichi. Hata ya bomba, mimi nachemsha ndoo moja usiku wa tarehe 23 nyumbani mjini, yakipoa napanda nayo. Osha embe, nanasi, parachichi na matango kabla ya kumenya, siyo baada: kisu kikipita kwenye ganda chafu kinauingiza uchafu ndani. Giligilani na mnanaa vikoshwe majani kwa majani, kisha vifungwe kwenye taulo safi na kukung'utwa mpaka viache kutoa matone.

Asubuhi ya Krismasi, kuanzia saa tatu

Anza na tango. Matango 4 yakate vipande vya mduara, unene wa kidole kidogo, usimenye yote, acha mistari ya ganda ili yashikike. Panga juu ya taulo, nyunyiza chumvi kidogo, subiri dakika 20. Utaona vitone vya jasho vimejaa juu. Pangusa juu, geuza, pangusa chini. Matango 2 yaliyobaki kata vijiti vya kuchovya, na ule moyo wenye mbegu ukwangue utupe, ndiko maji yalikojificha.

Samaki: fungua makopo 3, bonyeza mfuniko kwa nguvu juu ya sinki mpaka mafuta au maji yaishe kabisa. Tia bakulini, chambua kwa uma, ongeza vijiko 4 vikubwa vya mtindi mzito, nusu ya vitunguu vilivyokamuliwa, pilipili iliyokatwa ndogo, giligilani. Mchanganyiko uwe wa kushikana; ukiona unang'aa maji, umeharakisha kuchuja. Rudisha friji au kwenye hotpoti. Watu wanasahau kwamba hotpoti inatunza baridi kama inavyotunza moto: weka chupa ya barafu chini, bakuli juu yake, funga mfuniko.

Embe na nanasi kata vipande vya ukubwa wa kiberiti kilichokatwa nusu. Viache kwenye chujio nusu saa, juisi inayodondoka kunywa mwenyewe, ni mshahara wako. Tunga kwenye vijiti vya mishikaki vilivyokatwa nusu: embe, nanasi, jani la mnanaa, embe. Vunja ncha kali kama watoto ni wengi. Pilipili ya unga na chumvi changanya pembeni kwenye kisahani, kama wauza embe wa stendi wanavyofanya, unanyunyiza ukipeleka mezani. Ukinyunyiza saa tatu asubuhi, saa saba una supu ya embe.

Onyo moja kuhusu nanasi: usilichanganye na mtindi mapema. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokatakata protini ya maziwa, na ndani ya muda mfupi mtindi unalegea na kuwa mchungu. Niliwahi kuutupa mtindi wa lita moja nikimlaumu muuzaji, kumbe kosa langu.

Sandwichi sasa. Masharti ni matatu. Mkate uwe wa jana, siyo wa leo. Kila slesi ipakwe siagi mpaka ukingoni, pande zote mbili za ndani, maana mafuta ndiyo koti la mvua la mkate. Na nyanya isiingie. Weka mtindi mzito, tango lililopanguswa, pilipili manga. Kata kingo, gawa kila moja vipande vinne, funika kwa nailoni ya chakula halafu taulo yenye unyevu juu yake. Mkate 1 unatosha kuongeza vipande 40 hivi. Ziweke kwenye baridi, zitakaa mpaka saa saba zikiwa na heshima zao. Mama mkubwa hula mbili, bila maneno, nami nahesabu.

Dakika ya mwisho

Parachichi linakuwa jeusi kwa sababu likikatwa hewa inakutana na vimeng'enya vyake. Ndimu inachelewesha, haizuii. Kuacha kokwa katikati ya bakuli hakusaidii zaidi ya pale kokwa lilipokaa. Kinachosaidia ni kutoliponda mapema na kuibandika nailoni juu ya uso wake bila kuacha hewa.

Kwa hiyo subiri mpaka usikie gari la kwanza linapinda getini. Ponda parachichi 5 kwa uma, mabonge yabaki, kamulia ndimu 3, chumvi, pilipili. Nyanya 5 kata, toa mbegu na maji yote, nyama yake ikate vipande vidogo, changanya na vitunguu vilivyobaki. Panga krispi za ndizi kwenye ungo, kijiko kidogo cha parachichi juu ya kila moja, kachumbari kidogo juu yake. Krispi iliyopakwa ina dakika 15 za uhai. Paka 20, peleka, rudi upake nyingine. Au fanya kama nifanyavyo sasa nikichoka: bakuli la parachichi katikati, krispi pembeni, kila mtu ajipakie.

Vipande vya tango navyo vipakiwe samaki wakati huu, kijiko cha chai kila kimoja.

Jani la mgomba ndilo sinia zuri kuliko yote na lipo bure mlangoni. Chagua changa lisilopasuka, lioshe, lipanguse, kata mti wa katikati. Ila mpe kazi ya kukata mtu aliyevaa nguo za kazi. Utomvu wa mgomba ukigusa gauni jeupe la Krismasi, hiyo doa utazikwa nayo.

Mezani, na saa ya ukutani

Toa nusu, nusu ibaki kwenye baridi. Samaki, mtindi na sandwichi visikae nje zaidi ya saa 2. Jua likiwa kali na mmeketi nje kwenye joto la zaidi ya nyuzi 32, ni saa 1. Marangu kuna kivuli na kaupepo, mjini Moshi au Himo hakuna utani. Mimi naandika kwenye kipande cha karatasi muda niliotoa, nakibana chini ya bakuli, kwa sababu saa nane mchana sote tunadhani ni saa saba.

Watoto wa chini ya miaka mitano wasipewe korosho nzima wala kijiti cha meno. Kwa hao nina tende zilizokatwa ndogo na embe kwenye sahani yao. Ukiamua kutumia asali mahali pa siagi ya karanga, mtoto wa chini ya mwaka mmoja asionje hata kidogo. Na uliza kabla ya kuzungusha sahani kama kuna mwenye mzio wa karanga. Wakwe wapya huona haya kusema.

Zungusha kwa wazee kwanza, wakiwa wamekaa, kwa mikono miwili. Vijana watavifuata wenyewe jikoni.

Kilichobaki: samaki na sandwichi vilivyokaa nje vitupwe, hata roho ikiuma. Matunda ambayo hayajanyunyizwa pilipili yarudi friji, asubuhi ni juisi. Mtindi wa kuchovya ambao haukutoka kwenye baridi unafaa siku mbili zaidi, na ukiupaka kwenye kiporo cha nyama ya ndafu tarehe 26, pamoja na vile vitunguu, utanikumbuka. Tende hazijawahi kubaki. Mwaka jana nilificha kumi nyuma ya gunia la mchele, na saa kumi jioni, ndafu ilipokatwa hatimaye, nilikuta kopo tupu na kokwa moja ndani yake. Na mimi nilikuwa nimeapa nimehesabu kokwa zote hamsini.